Majembe Yaliyotundikwa Ukutani

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani, ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nyumba imeamka. Machano, weka simu chini. Nanyi watu wazima mliokaa huko nyuma, mnaojifanya mmewaleta watoto tu, sogeeni. Ninyi ndio hasa niliokuwa nawatafuta.

Hapo zamani za kale, huko Arabuni, katikati ya jangwa, palikuwa na bonde la mitende. Mbele mchanga, nyuma mchanga, bondeni kijani. Palikuwa na tende, palikuwa na makomamanga, palikuwa na majani ya kulishia watoto. Maji yalitoka mlimani, mwendo wa nusu siku. Yalikuja kwa mfereji uliochimbwa chini ya ardhi ili jua lisiyakaushe. Na kila baada ya hatua mia palikuwa na tundu la kushukia. La nini? La kuzolea mchanga. Kwa maana mchanga haupumziki. Kila siku unaingia mferejini, kidogo kidogo, shhh, shhh. Usipouzoa wiki hii, wiki ijayo ni mwingi. Usipouzoa miezi, huna mfereji.

Mtawala wa bonde hilo alikuwa Chui. Alijiita Baba wa Maji, ingawa hakuna aliyemwona akizaa hata tone. Kila Jumatatu aliwatuma askari wake fisi mlango kwa mlango. Kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe lake, ashuke akazoe mchanga. Hiyo iliitwa shokoa. Ujira hakuna, kupumzika hakuna, anayechelewa anachapwa. Na maji yakifika yanaingia kwanza kwenye bwawa la Chui. Chui akoge, alale, aamke, akoge tena. Yanayobaki ndiyo ya wenzake.

Basi Jumatatu moja Punda alishuka mferejini. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa bondeni, huko maji yanakofika yakiwa yamechoka. Punda akawaambia askari kwamba dari ina nyufa. Wakamwambia achimbe. Akachimba. Dari ikaporomoka, gubu! Punda hakutoka tena. Chui alipopelekewa habari aliuliza jambo moja tu, kama maji yatachelewa.

Mama Punda aliambiwa maneno hayo. Alikwenda uwanjani, mbele ya lango la Chui, akaketi chini na mimba yake. Askari wakamwambia aondoke. Hakuondoka. Wakampiga. Akabaki pale pale. Akaja Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, jirani na rafiki wa marehemu, akaketi kando yake. Wakaja mbuzi. Wakaja paa. Wakaja kondoo, ambao si kawaida yao kwenda mahali bila kutumwa. Siku ya tatu uwanja ulijaa pomoni. Wakashika neno moja: Toka! Toka! Toka!

Siku kumi na saba, Toka! Wengine walivunjwa miguu. Wengine walizikwa. Siku ya kumi na saba Chui alichungulia dirishani, akawatazama waliokuwa nje, akawatazama fisi waliobaki ndani, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda mlimani.

Furaha ya siku hiyo siwezi kuisimulia. Walilia. Walikumbatiana hata na Kalunguyeye, na mnajua hilo si jambo dogo. Kisha wakaitisha mkutano, wakamchagua Mbweha awe mwenyekiti. Mbweha alifika uwanjani siku ya kumi na saba, saa tisa alasiri. Lakini alikuwa na sauti nzuri.

Mbweha akatangaza kwamba shokoa imekwisha, hakuna atakayelazimishwa kushuka mferejini tena. Makofi, pa pa pa pa! Akasema majembe haya ni alama ya dhuluma, tuyakusanye, tuyatundike ukutani kwenye jumba la Chui, watoto wetu waje wayaone na wasisahau. Makofi zaidi. Yakakusanywa majembe yote ya bonde, hata yale ya kupalilia bamia. Yakatundikwa mstari kwa mstari. La marehemu Punda likawekwa katikati, likavishwa kitambaa cheupe. Nisiwafiche, Mama Punda naye alipiga makofi. Alilia na kupiga makofi.

Mnacheka nini? Ngojeni kwanza.

Baada ya hapo bonde likapata vyama. Kukawa na Chama cha Waliokaa Uwanjani. Kikagombana, kikazaa Chama cha Waliokaa Mbele. Hicho nacho kikagombana, kikazaa cha Waliokaa Mbele Upande wa Kivulini. Kila chama na muhuri wake. Wakaja korongo kutoka nchi za baridi, ndege warefu, wapole, wakaendesha warsha ya siku tatu juu ya umuhimu wa maji. Washiriki walipewa chai, wakapewa vyeti, wakapigwa picha. Siku ya nne korongo wakaruka, pu pu pu, wakaenda kuendesha nyingine mbele. Na huko chini mchanga ulikuwa unaingia, shhh, shhh.

Mama Punda alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akamwita Nusra. Nyumba yao ni ya mwisho, kwa hiyo wao ndio waliojua kwanza. Mwezi wa pili maji yalikuwa membamba kama kidole. Mwezi wa tatu yalikuwa uzi. Mwezi wa nne yalidondoka: to. To. To. Kisha hata to haikuwepo. Mama Punda akakosa maji, akaanza kukosa maziwa. Nusra ananyonya, anaachia, analia. Ananyonya, anaachia. Mwishowe akaacha hata kulia, na hapo ndipo mama yake aliposhikwa na hofu kweli kweli.

Akaenda kwa Ngamia, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza bondeni, upande wa mlimani. Akamweleza. Ngamia akatafuna, akatafuna, akasema kwake maji yapo, tena yeye hunywa mara moja kwa wiki mbili, haoni haraka ya nini.

Akaenda kwa Mbweha. Mbweha alimpokea kwa heshima zote. Akamwita mama wa taifa. Akamkumbusha kwamba kila sherehe ya ukombozi kiti cha mbele ni chake. Kuhusu maji, akasema kamati imeundwa kuchunguza ni kamati gani inahusika.

"Kiti mmenipa, nashukuru," Mama Punda akasema. "Lakini mwanangu hanywi kiti. Nipe jembe."

Mbweha akashtuka. Jembe? Yeye, mjane wa shujaa, anataka kurudisha shokoa? Tena majembe ni kumbukumbu ya taifa, hayaguswi bila azimio la vyama vyote, na vyama vyote havisalimiani.

Mama Punda alitoka pale akaingia moja kwa moja kwenye jumba la kumbukumbu, mchana kweupe, akavuta kitambaa cheupe, akalishusha jembe la mumewe. Akaenda nalo kwenye tundu la kwanza juu ya nyumba yake. Alisimama ukingoni. Mumewe alikufa humo. Alisimama kitambo kirefu. Kisha akashuka.

Chwa. Chwa. Chwa.

Kalunguyeye akasikia, akaja akainama tunduni. "Shemeji, ni wewe huko chini?"

"Ni mimi."

"Mimi jembe sina. Nina kucha."

"Shuka. Lakini kwanza tuegemeze dari kwa magogo ya mtende, maana safari hii hakuna wa kutuharakisha."

Wakaegemeza dari. Wakachimba. Siku ya pili walikuja kondoo wawili waliokauka midomo. Siku ya tatu paa na wanawe wakubwa. Wote wa mkiani mwa bonde, wote wenye kiu. Wakakubaliana mambo machache bila muhuri: kila nyumba inashusha mtu siku moja kwa wiki, na maji yakija kila nyumba inayochimba inapata zamu yake. Hakuna wa kwanza kwa sababu ya meno yake.

Basi kumbe hilo ndilo lililowaudhi wakubwa. Vyama vilivyokuwa havisalimiani vikasalimiana siku hiyo. Mbweha akapanda juu ya jiwe, akasema kuna kundi limerudisha shokoa, ni vibaraka wa Chui, wanachafua kumbukumbu ya mashujaa. Umati ukamfuata mpaka kwenye tundu. Wakalizunguka. Wakapiga kelele. Walipiga kelele gani, ninyi? Ile ile waliyoijua. Toka! Toka! Toka!

Bi Mize, usinitazame hivyo. Ndivyo ilivyokuwa. Yule aliyekuwa wa kwanza kuketi uwanjani, ndiye aliyekuwa tunduni anaambiwa Toka.

Akatoka. Mchanga machoni, mchanga masikioni. Umati ukanyamaza kidogo, kwa aibu au kwa mazoea.

"Chui alikuwa akinituma, nikachimba kwa ajili ya bwawa lake," akasema. "Leo hakuna aliyenituma. Nachimba mwanangu apate kunywa. Kama hamwoni tofauti, basi tulimfukuza Chui mapema mno." Kisha akasema taratibu, "Na huyo mchanga mbona hamumwambii Toka? Ndiye aliyebaki."

Akashuka tena. Chwa, chwa. Wengine waliondoka wakinung'unika. Wengine walibaki wamesimama, wanatazamana. Mbuzi mmoja mzee akauliza, kwa sauti ya chini, eti jembe lake kule ukutani ni la safu ya ngapi.

Mbweha akaona mambo yanamponyoka. Naye alikuwa na kiu sasa, maana ukame ulikuwa umepanda hadi kwake. Akaandika barua nzuri sana. Mpendwa Baba wa Maji, bonde halina utaratibu, njoo kwa muda mfupi tu, uturudishie nidhamu. Akampa Ngamia aipeleke mlimani. Wapo waliosema ni heri, maana enzi za Chui angalau maji yalikuwepo. Nao ni wale wale waliovunjwa miguu. Niseme nini mimi?

Chui alipoisoma barua hakuisoma mara mbili. Akashuka. Vyama vitatu vikatoka kumpokea barabarani na mihuri yao. Wakamwimbia. Mbweha alikuwa ameshaandika kumbukumbu za mkutano wa kumkaribisha kabla mkutano haujafanyika. Chui akaingia uwanjani, akakohoa, akanguruma, ngrrrr!

Kimya.

Akanguruma tena. Hakuna aliyekimbia, kwa sababu hapakuwa na mtu ila wale waliokuja kumwimbia. Chini ya miguu yake akasikia chwa, chwa, chwa, chwa, majembe mengi. Ukuta wa jumba lake ulikuwa mtupu, imebaki misumari. Na mara kukasikika sauti nyingine, mbali, kisha karibu: gbu, gbu, gbu, gbu. Maji. Yalipita chini yake. Yalipita bwawa lake kavu bila kuingia, maana wachimbaji walikuwa wameuziba mlango wake, yakaenda moja kwa moja mpaka nyumba ya mwisho. Nusra akatia mdomo majini, akanywa, akapumua, akanywa tena. Mama yake akaketi chini akalia, mbele ya kila mtu, wala hakufuta machozi.

Chui alikuwa ametembea nusu siku juani. Ulimi ulimning'inia. Akawatafuta fisi wake ili awatume. Walikuwa kwenye tundu la nne, wanazoa mchanga, nao wana watoto. Akamtazama Mbweha. Mbweha akatazama mawingu. Basi Chui akajikokota mwenyewe mpaka kwenye maji, akamkuta Kalunguyeye ameketi na orodha ya zamu.

"Nina kiu," Chui akasema.

"Karibu, mzee," Kalunguyeye akamjibu kwa adabu. "Zamu ya wageni ni Jumatano. Umekuja na jembe?"

Na hata Chui hajajibu, Mbweha akawa amempita mbele, ameinama, anauliza kwa sauti yake ile nzuri kama jina lake linaweza kuandikwa la pili kutoka juu. Kalunguyeye akamwandika, akampa jembe, akamwonyesha tundu. Linalofuata chini ya jina lake ni jina la Chui.

Nami nasema, enyi wakubwa na wadogo: ukimfukuza anayekulazimisha kazi, ile kazi haiondoki naye. Inabaki pale pale, na sasa ni yako. Usipoifanya wewe na jirani yako, yule uliyemfukuza atarudi kuifanya kwa mgongo wako. Hadithi yangu naishushia hapa. Aliyeipenda aichukue, na aliyeumia nayo ndiye niliyemkusudia.