Pimbi Aliyetaka Kuuza Kihamba cha Baba Yake

Pakawa!

Mbona kimya? Mbona mnatazamana?

Aa. Nimeanza na jibu lenu. Miji yote niliyozunguka, stendi zote nilizolala, halafu nafika nyumbani naingia kwenye hadithi kinyumenyume. Bibi Ndekusara pale ameshika mbavu. Cheka, bibi, lakini usimwambie mke wangu. Haya, turudi nje, tuingie kwa mlango.

Paukwa!

Pakawa.

Sasa mmeniitikia. Hapo zamani za kale, zamani za wakati wanyama walipokuwa na migomba yao na mifereji yao, alikuwapo Pimbi. Alizaliwa mlimani, kwenye kihamba cha baba yake. Kihamba ni shamba la migomba la ukoo. Babu kalima, baba kalima, na wewe unalima.

Pimbi huyu hakulima. Alikuwa bado mdogo alipoona nyika kule chini inang'aa, akasema, "Kule ndiko kuna maisha." Akateremka. Teremka, teremka, teremka, mpaka kwenye jua na mawe. Akaoa huko. Akakaa juu ya mwamba wa wakwe zake.

Mwamba ulikuwa mzuri, lakini haukuwa wake. Kila asubuhi wakitoka kuota jua, baba mkwe husema, "Mkwe, sogea pembeni kidogo. Katikati ni pa wenyewe." Na mashemeji huongeza, "Mwacheni jamani, hana kwao huyu."

Hana kwao. Neno hilo lilimkaa Pimbi kooni kama mfupa.

Siku moja Nyani akatangaza kwamba anauza mwamba wake. Mwamba mpana, wa peke yake, jua linaanzia hapo. Nyani hakutaka kingine ila asali, mitungi kwa mitungi. Pimbi akautazama ule mwamba, mate yakamtoka. Lakini asali ataitoa wapi?

Akakumbuka kihamba. Baba yake alikuwa amefariki. Habari zilimfikia, naye akasema atapanda kwenda kuhani, atapanda, atapanda. Mvua zikanyesha, zikakatika. Hakupanda. Alipopanda, alipanda kwenda kuuza.

Akapanda, akapanda, akapanda. Huku anatetemeka kwa baridi, huku analalamika. "Watu wanaishije huku? Ukungu asubuhi, ukungu mchana." Wasafiri sisi tuna adabu mbaya. Tukikaa ugenini kidogo tu, kwetu kunatuwasha.

Kwenye kihamba alimkuta shangazi yake, dada wa baba, anafagia uwanja. Fya, fya, fya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Huko unakula nini?"

"Nakula vizuri. Shangazi, nimekuja kuuza."

Ufagio ukasimama.

"Kuuza nini?"

"Kihamba. Nimepatana na Ngiri, atanipa mitungi ya asali. Nitanunua mwamba."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Nitakuchukua tuishi nyikani. Kuna mawe mazuri sana."

"Mawe yanaliwa?"

Shangazi akatazama migomba. Huyo Ngiri, shangazi alimjua. Mtaa wote ulimjua. Ngiri akiingia shambani haachi shina, anachimba kwa pua mpaka ardhi inakaa kama uji uliomwagika.

"Kwa mila kihamba ni chako," akasema. "Mimi ni wa kufagia tu. Kula kwanza, baba. Kesho tutaongea."

Asubuhi shangazi akajitwika chungu, akaenda mferejini kuchota maji. Pimbi akabaki peke yake. Akaona afanye jambo la maana kabla mnunuzi hajafika. Mahali pawe safi, papendeze.

Akatazama huku, akatazama kule. Akaona mstari wa mimea mirefu, majani yake marefu kama panga, umezunguka kihamba chote. Haizai ndizi. Haina ua. Vumbi tupu. "Magugu gani haya shangazi ameyaachia?" Akachukua panga. Fyeku! Fyeku! Fyeku! Akazunguka upande wa juu, fyeku, upande wa chini, fyeku, akang'oa hata mashina. Akakusanya yote, akawasha moto. Moshi ukapanda mpaka mawinguni. Pimbi akarudi nyuma, mikono kiunoni, akajiona kidume.

Mnajua alichokata?

Masale. Nyikani mpaka ni jiwe, lakini mlimani mpaka ni masale. Palipo na masale ndipo pako, yanapoishia ndipo pa jirani. Na si mpaka tu. Ukimkosea mtu, unamletea jani la masale kwa mikono miwili, naye akilipokea amesamehe. Ukiwa na ombi zito, unaliomba kwa jani hilo hilo. Anayepewa jani la masale hakatai. Hakatai kabisa. Pimbi aliondoka mdogo, hayo yote yalikuwa yamemtoka kichwani.

Ngiri akaja. Ngru, ngru, ngru, na mitungi ya asali imefungwa mgongoni.

"Nionyeshe mpaka," akasema.

"Mpaka unaanza hapa," akasema Pimbi, "unakwenda pale."

"Pale wapi?" Sauti ilitoka juu. Ni Mbega, jirani wa upande wa juu, na manyoya yake meupe yananing'inia. "Kwa macho yangu mimi, mgomba huo uko kwangu."

"Huu?"

"Na wa pili yake. Sijawahi kuudai kwa sababu masale yalikuwa yananibishia. Leo siyaoni."

Kabla Pimbi hajajibu, kutoka upande wa chini akaingia Kanga na vifaranga vyake, tititi tititi. "Piteni, wanangu, piteni. Pamekuwa petu hapa."

"Mama Kanga, huu ni uwanja wetu."

"Nani kasema? Nionyeshe sale lako, mwanangu, niondoke sasa hivi."

Mbega akashuka mgomba mmoja. Kanga akasogea hatua. Mbega akashuka mwingine. Kanga akasogea tena. Ngiri akazunguka, akanusa, akazunguka.

"Rafiki," akasema, "kila nikipumua shamba linapungua. Nikikohoa je?"

Hapo shangazi akarudi na chungu chake. Akaona majivu. Akaona kumekuwa wazi pande zote kama kichwa kilichonyolewa. Akatua chungu taratibu.

"Nani amekata masale?"

Vifaranga wakajificha chini ya mama yao.

"Nilikuwa nasafisha," akasema Pimbi.

"Umesafisha kweli." Shangazi akaketi chini. "Leo nilikusudia kukuletea jani la masale, nikuombe usiuze. Ningepiga magoti. Hata hilo umelichoma."

Pimbi akakumbuka. Yalimrudia yote kwa mara moja, kama maji ya baridi mgongoni.

"Mwenye kukata masale," akasema Mbega, na safari hii hakutania, "hapewi moto wala salamu mpaka aombe radhi. Ndiyo mila."

"Nitaomba. Nipe jani moja la kwako."

"La kuomba radhi linatoka kwenye ardhi yako."

Pimbi akakimbilia majivu. Akachakura, akachakura. Majivu. Akapita mpaka wote. Mashimo. Akazunguka migomba, akazunguka zizi, akaenda nyuma ya nyumba, mahali ambapo tangu afike alikuwa anapakwepa.

Kaburi la baba yake lilikuwa hapo. Hapakuwa na jani kavu hata moja. Pamefagiwa, alama za ufagio mbichi, za asubuhi ile. Na kichwani pa kaburi limesimama sale moja, bichi, refu. Panga lake halikufika huku, kwa sababu mwenyewe hakutaka kufika.

Pimbi akasimama. "Baba," akasema, "nimechelewa." Akachuma jani moja.

Akarudi uwanjani. Akapiga magoti mbele ya shangazi, majirani wanatazama, Ngiri anatazama.

"Shangazi, nimekosa."

Shangazi akalipokea jani kwa mikono miwili. "Nimesamehe."

Pimbi akashusha pumzi. Pumzi haikufika chini. Shangazi alilifuta lile jani kwa nguo yake, akalinyoosha, akamrudishia. Kwa mikono miwili.

"Sasa ni zamu yangu, baba. Naomba usiuze."

Mbega akaacha kutafuna. Kanga akaacha kusema, na jambo hilo kule mtaani walilizungumza mwaka mzima.

Pimbi akatazama jani. Akatazama mitungi ya asali. Akauona akilini mwamba wa Nyani, jua limeulalia. Akatazama jani. Mkono ukawa mzito kama gogo. Kisha ukanyooka, na wa pili ukaufuata. Akapokea.

"Na mimi je?" akauliza Ngiri. "Nimepanda mlima na mzigo mgongoni."

"Kuteremka ni rahisi," akasema shangazi.

Ngiri akateremka, ngru, ngru. Pimbi akapeleka jani kwa Mbega, akapeleka jani kwa Kanga, kila mmoja akasamehe na kurudi kwake, Mbega kwa shingo upande kidogo. Halafu akakata vipande kwenye lile sale la kaburini, akachimba, akapanda, akamwagia maji, mpaka kihamba kikavaa mpaka wake tena. Mikono ikaota malengelenge. Shangazi akamwangalia, akampikia ndizi.

Siku ya kuondoka akasimama uwanjani, mkungu mgongoni, uso umemshuka.

"Shangazi, sina asali. Sina mwamba. Wale mashemeji wakinicheka tena, niwaambie nini?"

"Waambie una kwenu," akasema shangazi, akaendelea kufagia.

Funzo ni hili, wadogo kwa wakubwa. Ardhi uliyoachiwa na wazazi si yako peke yako. Kabla hujaiuza, muulize aliyebaki akiifagia. Hadithi yangu inasimama hapa penye sale. Nikipiga hatua nyingine nitakuwa kwa jirani.