Dirisha la Wakesho

Fungua dirisha, lakini tundika chandarua.

Nyamazeni, enyi Kidato cha Kwanza, mkae wima. Mmenisikia nikimwambia mwenzenu Mnjala maneno hayo, mkauliza yametoka wapi. Asili yake ni nzito, imepokewa kizazi hata kizazi, na mimi, Mzee Mwakio wa Kidato cha Nne, ndiye mrithi wake. Methali hii ilianza hivi, zamani za kale: likizo ya Aprili iliyopita, Jumanne, baada ya chakula cha mchana.

Mjini Voi palikuwa na fundi cherehani aitwaye Wakesho, wa miaka ishirini na minne. Alipozaliwa waliandika kuwa ni mvulana. Mwenyewe alijijua mwanamke tangu utotoni, akaimeza siri hiyo miaka mingi kama kidonge bila maji. Mwaka jana alifungua ukurasa mtandaoni, akajitambulisha waziwazi alivyo, akawa anafundisha kushona. Matusi yalikuja. Lakini zilikuja pia oda za magauni kutoka Nakuru, na nesi mmoja akamwelekeza kwenye kliniki ambako hakuchekwa. Tena kulikuwa na mtu asiyetaja jina, aliyemwandikia kila Ijumaa: “Dada, bado nipo.”

Jumanne hiyo joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa. Wakesho akafungua dirisha lililo nyuma ya kiti chake, akaanza kurusha video moja kwa moja. Alikuwa akipinda ukosi wa gauni alipoona maneno ya mtu aliyejiita Profesa Makeke:

“Tangi la kobe! Kumbe mrembo wetu ni jirani!”

Akageuka. Dirishani, mchana kweupe, lilionekana tangi la maji lililochorwa kobe mwekundu. Mji mzima haukuwa na lingine kama hilo.

“Nalijua,” akaandika mwingine. “Njia ya machinjioni.”

“Tunakuja,” akaandika wa tatu.

Wakesho akazima video, akafunga dirisha, akasukuma cherehani mlangoni. Nje pikipiki ikasimama. Akasikia sauti za wanaume, kisha kimya, kisha pikipiki ikaondoka polepole, kama inayohesabu nyumba. Mkononi alishika mkasi.

Mlango ukagongwa.

“Wakesho! Ni mimi, Mama Mghoi.”

Huyo ndiye aliyempangisha chumba. Wakesho akavuta cherehani kidogo, mama akajipenyeza ndani.

“Walikuwa wawili, wamekuulizia. Nimewaambia hapa panauzwa mkaa tu.”

“Mama, kuna jambo sijakuambia...”

“Mwanangu, video zako naziona tangu mwaka jana. Ulidhani nilioteshwa kuwa unashona magauni, nikakuletea la ubatizo?”

Wakesho akacheka, kisha akalia. Akafungua simu. “Naufuta ukurasa wote. Leo hii.”

Kidole kilikuwa juu ya kitufe ujumbe ulipoingia. Haikuwa Ijumaa. “Dada, umekatika ghafla. Hufungi ukurasa, sivyo?”

Mama Mghoi akausoma, akatazama dirisha lililofungwa na jasho lililomtiririka binti yule.

“Ukijifungia hivi, joto litakuua. Ukiacha wazi hivihivi, mbu watakumaliza.” Akapanda kitandani na viatu vyake, akafungua chandarua, akakitundika nyuma ya kiti. Akafungua dirisha. Upepo ukaingia, kobe hakuonekana. “Fungua dirisha, lakini tundika chandarua. Na leo unalala kwangu.”

Alilala kwake wiki tatu. Mpaka leo pikipiki ikipunguza mwendo, Wakesho huacha kushona. Lakini ukurasa upo, na Ijumaa ile ujumbe ulikuja.

Basi, wadogo zangu, mmeelimika. Mnaweza... Ndiyo, Mnjala?

“Kaka Mwakio, tangi la kobe si ndilo la kwenu? Ulituonyesha picha.”

Ni la nyanya. Ndiyo, Mama Mghoi ni nyanya yangu. Yeye ndiye aliyenisimulia.

“Na huyo Profesa Makeke alilijuaje kwa haraka hivyo?”

Mnjala, una maswali mengi kwa mtu asiyejua kutandika kitanda.

Haya. Nilikuwa sebuleni, nimeshiba, nikitaka kuchekesha watu. Sikuandika “tunakuja”, lakini waliokuja waliipata njia kwangu. Nilimwomba Wakesho msamaha nikitazama viatu vyangu. Alinyoosha mkono, akachukua suruali yangu ya shule iliyochanika, akaishona.

Fungua dirisha, lakini tundika chandarua. Mbu wa siku ile nilikuwa mimi.