Kumi kwa Nambari Moja

Hospitali moja ya misheni, na msiniulize ni ipi maana mtaenda kumcheka mtu, ilikuwa na fundi wa kompyuta anayeijua kazi yake. Naye alijua kwamba anaijua. Akipita koridoni unasikia funguo zake kabla hujamwona.

Hospitali ile ilikuwa na shida ya mtandao. Ndugu wa wagonjwa walishalipata neno la siri, wodi ya wanaume wanatazama mpira kwenye simu, na picha ya eksirei inachukua nusu saa kumfikia daktari. Ninyi mnaotabasamu pale nyuma, neno la siri la ofisi ya usharika mlilitoa wapi? Basi uongozi ukasema, tuweke lango. Lango lenyewe si la chuma. Ni mtambo unaokaa kwenye mtandao na kuiuliza kila mashine swali moja: nambari yako ya kuzaliwa ni ipi? Maana kila kifaa cha mtandao hutoka kiwandani na nambari yake, isiyofanana na ya mwenzake. Nambari ikiwemo kwenye orodha ya lango, unapita. Isipokuwemo, unabaki nje.

Fundi alifanya kazi nzuri, tumpe haki yake. Hospitali ilikuwa na daftari la vifaa vyake ndani ya kompyuta, naye akaliunganisha na lango, kiasi kwamba kifaa kikishaandikwa daftarini, nambari yake inajipeleka langoni yenyewe bila mtu kunakili chochote. Siku ile alipiga mluzi mchana kutwa.

Zikaja kompyuta mpakato kumi mpya za wodini, nyembamba hata hazina tundu la waya. Na kuziandikisha kulihitaji waya. Fundi hakushindwa. Alikuwa na adapta moja, kidude cha urefu wa kidole, unakichomeka ubavuni mwa kompyuta kinakupa tundu. Akakichomeka kwenye ya kwanza, akaiandikisha. Akachomoa, akachomeka kwenye ya pili, hivyo hivyo mpaka ya kumi. Kwenye orodha yakatokea majina kumi, na kando ya kila jina alama ya kijani.

Sista wa wodi ya wazazi, mama aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, akaja kuchukua ya kwake.

"Fundi, hii umeijaribu ikiwa peke yake?"

"Sista, zote zimepita. Kijani tupu."

"Nakuuliza bila hicho kidude. Mimi wodini sina waya."

"Hicho ni tundu tu, Sista. Kompyuta ni ileile."

Sista akaguna, akabeba mashine yake. Na kweli kwa wiki mbili ilifanya kazi vizuri bila waya, kwa sababu lango lilikuwa limewekwa lakini halijafungwa. Kila kitu kilikuwa kinapita. Jumatatu, kwenye sala ya asubuhi, wakati wa matangazo, fundi akasimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Leo saa nne nafunga lango. Hakuna mashine ya hospitali itakayobaki nje, na ikibaki, niulizeni mimi." Wakampigia makofi.

Saa nne akafunga. Akajaribu ile ya kumi, iliyobaki mezani kwake na adapta ubavuni. Ikapita. Akaegemea kiti, roho kwatu. Simu ikalia: wodi ya watoto hawana mtandao. Akawaambia wazime wawashe. Ikalia tena, wodi ya upasuaji. Wazime wawashe. Wapendwa, mtu mwenye kijani mbele ya macho yake ni kazi kumwambia kitu.

Ndipo Sista akaingia, amepanda ngazi mbio kwa umri ule, anahema.

"Fundi, nina mama amejifungua sasa hivi, damu haikatiki. Jibu la maabara silioni, mashine imefungiwa nje."

"Imo daftarini, Sista. Naiona hapa."

"Wewe unaiona hapa. Mimi nina mama kule. Nimemtuma mtu maabara kwa miguu, na maabara ni ng'ambo ya uwanja. Nifungulie."

Kulifungua kulikuwa ni kumeza maneno yake yote ya asubuhi. Mkono wake ulisita, tusimfiche, kisha akalifungua lote, apite kila mtu, na wale wa mpira pia. Sista alishageuka zamani. Fundi akaisikia simu ya mezani ikilia, ni wodi ya wazazi: jibu limeonekana, damu inayomfaa ipo, wanaifuata.

Alipobaki peke yake alifanya jambo ambalo hakulifanya siku zote zile. Aliacha kusoma majina na rangi, akasoma nambari. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nambari moja, mara kumi. Akachomoa kile kidude, akakigeuza, na pale tumboni, kwa herufi ndogo sana, akaikuta imeandikwa. Lango halikuwahi kuijua kompyuta hata moja. Lilikuwa linaijua adapta.

Yule mama alipona. Mchana fundi alipopita wodi kwa wodi, bila adapta, akiichukua nambari ya kila mashine yenyewe, alimkuta ameketi kitandani ananyonyesha. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye sauti. Sista akamvutia fundi kiti na kummiminia chai.

"Sista, uliniuliza," fundi akasema.

"Nilikuuliza. Haya, ya kwangu ni ngapi?"

Akamsomea. Sista akaiandika kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwenye kompyuta kwa nyuma. Saa kumi lango likafungwa tena, na simu haikulia. Fundi akaondoka anapiga mluzi, polepole kidogo kuliko zamani.

Mmemcheka. Vizuri, na mimi nilicheka. Sasa niambieni, wangapi humu tumeandikishwa kwa adapta? Mama yako alifunga, akasali, akakesha kwa ajili yako, ukawa unapita. Baba unasema, "Nyumbani kwetu tunasali," na anayesali ni mkeo. Kijana umekulia kwenye kwaya ya shangazi yako. Jina lako limo kwenye daftari la usharika, na ni jina lako kweli, hakuna aliyedanganya. Ila nambari ni ya nani?

Wala mama zetu hawakukosea. Adapta ile ilikuwa nzima kabisa. Kosa ni letu, ambao hatukujaribu hata siku moja kusimama bila wao.

Na msidhani nawasema ninyi peke yenu. Mwezi mmoja baada ya kumzika baba yangu, nilipiga magoti chumbani kwangu nikakuta sina la kusema. Wakati huo nilikuwa tayari mchungaji wa miaka kumi na moja. Nilibatiza, nilifungisha ndoa, nilihubiri hapa mkalia, na muda wote huo nilikuwa napita kwa nambari ya mzee yule. Niliona aibu sana. Nikaanza upya, neno moja moja, kama mtoto.

Leo lango bado liko wazi, ndiyo maana kila kitu kinaonekana kinapita. Ukifika nyumbani, ingia chumbani, funga mlango. Mtoe mama, mtoe mke, nitoe na mimi mchungaji wako. Kisha sema neno moja la kwako mwenyewe. Likikataa kutoka, usiogope, njoo unione Jumatano. Mimi pa kuanzia napajua.