Ugali Uliosongwa Ndani ya Basi

Nyumba haipimwi kwa pazia, hupimwa kwa mwiko.

Mnacheka nini, wajukuu zangu? Wewe Zawena umenionyesha picha ya mchumba wako kwenye simu: kijana kavaa miwani myeusi, kaegemea gari ambalo nina hakika mwenyewe alikuwa njiani anakuja na ufunguo. Nikakujibu kwa methali, na sasa nyote mnataka kujua nimeitoa kitabu gani. Vitabu vya shule yetu nilivimaliza vyote hadi darasa la saba, wala haikuwamo. Methali hii ilitoka Korogwe, kwenye uwanja wa kuuzia magari, nami nilikuwapo, nimebeba kigoda. Ilianza hivi.

Kaka yangu Shekuwe alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu. Songea, Kyela, Bukoba, kote alikujua. Mkewe, wifi yangu Mwantumu, alizijua safari hizo kwa mizigo tu. Ukija mchele, ujue mume alikuwa Kyela. Zikija ndizi, alikuwa Bukoba. Mwenyewe hakuwahi kuvuka Segera, karibu tu na Korogwe. Kila kaka alipoondoka alimwambia, "Nikistaafu, mama Mbwana, nitakupeleka kote nilikopita." Naye wifi alijibu, "Haya," kama anavyojibiwa mtoto anayesema atajenga ghorofa.

Akastaafu. Kumbe mwanamume hakuwa akitania! Watoto wao walikuwa wametawanyika, huyu Songea, yule Kigoma, na wote wanaishi vyumba vya kupanga, vile ambavyo mgeni akija mwenyeji analala amesimama. Kaka akaona njia: wanunue basi la mtumba la kifahari, lenye vitanda na jiko ndani, wakae humo. Wakifika kwa mtoto wanaegesha nje, wanakaa mpaka wajukuu wawachoke, kisha wanaondoka. Kiinua mgongo chote kingeingia kwenye basi hilo, na nyumba yao ilikwisha kupata mpangaji. Wakikosea kuchagua, mlango wa kurudi haukuwapo.

Siku ya kwenda kulitazama, wifi alinipitia nyumbani. "Wifi, nisindikize. Kaka yako akiona kinachong'aa hupandwa na homa." Yeye kikapu kichwani, mimi akanipa kigoda. Sikuuliza. Mwantumu ukimwuliza jambo, hulifanya polepole zaidi.

Dalali aliitwa Mahiza, kijana mwenye maneno laini kama samli. Alitupitisha kwenye mabasi mengine mbiombio, kama mtu anayewaficha ndugu zake maskini, akatusimamisha mbele ya moja jekundu. Lilivyong'aa, nilijiona humo pamoja na mvi zangu. Ndani mlikuwa na mapazia ya mahameri, makochi ya ngozi, runinga kubwa kama mlango, na zulia ambalo nilitamani kulivulia viatu. Ukutani karatasi mpya ya maua.

Kaka akaingia chini ya injini. Akagonga, akasikiliza, akanusa, akatoka na grisi kwenye upara, anatabasamu kama bwana harusi. Halafu akapiga honi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mbuzi. Wakatawanyika, na mmoja nadhani hajarudi mpaka leo.

"Injini nzima kabisa!" akasema. "Mama Mbwana, ndilo hili."

"Zuri," wifi akasema. "Gesi imo?"

"Imo, mama," Mahiza akadakia. "Hii ni Ulaya yenye magurudumu."

"Iwashe, nisonge ugali."

Mahiza akacheka. Alipoona sufuria inatoka kikapuni, ikafuatwa na unga na mwiko mrefu kama kasia, akaacha kucheka. "Lakini mama, gari hupimwa kwa injini."

"Gari kalipima mume wangu. Mimi napima nyumba."

Watu wa uwanjani wakaanza kusogea. Kaka akaona haya. "Mke wangu, unaniaibisha. Kama hulitaka, sema. Nitakwenda peke yangu!"

Wifi hakupandisha sauti. "Hiyo umeshaizoea, baba Mbwana. Mimi ndiye niliyekuwa nakufunikia chakula mpaka kinapoa, nakula peke yangu. Safari hii nataka nione kwanza pa kusongea. Kama hapafai, nenda. Nitabaki hapa Korogwe nikisubiri ndizi."

Kaka akaanza kuikunjakunja kofia yake mkononi. Mimi nikaangalia runinga, ingawa ilikuwa imezimwa.

Maji yakachemka. Madirisha ya jikoni, wifi akayajaribu, hayakufunguka hata moja. Yalikuwa ya kutazamia tu. Mvuke ukajaa mpaka tukawa kama mandazi. Akakoroga uji, akaongeza unga, kisha akaikunja pembe ya zulia ili asilichafue, akaipua sufuria, akaiweka chini. Akakalia kigoda, akaibana sufuria kwa miguu kama tufanyavyo sote, akaanza kusonga. Nyie mnaosonga kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu, hamkumwona Mwantumu. Alikuwa akisonga kwa mabega, mgongo, na hasira kidogo.

Mara ya kwanza alipokandamiza, basi likalia *kwii*. Alipokandamiza tena, nikaona wifi anapungua urefu. Naapa. Miguu ya kigoda ilikuwa inazama sakafuni! Na wakati huohuo karatasi ya maua, kwa ule mvuke, ikaanza kujibandua juu, ikashuka taratibu kama mwanamke anayevua khanga, na nyuma yake mbao zilikuwa nyeusi, zimeota ukungu.

"Huo ni unyevu kidogo tu, mama," Mahiza akasema, jasho linamtoka.

"Unyevu? Mwanangu, hapa tukipanda mpunga tunavuna."

Kaka akapiga magoti, akabonyeza sakafu kwa kidole gumba. Kidole kikaingia kama kwenye papai. Basi lile lilikwisha kulala kwenye mafuriko, likapambwa. Naye, mjuzi wa injini, sakafu hakuigusa. Dereva hukaa mbele jamani. Huko nyuma ni kwa abiria.

Nilidhani atakasirika. Kwa kofia ile iliyokunjamana akaishika sufuria ya moto, akashuka nayo. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye basi la mwisho uwanjani, lenye rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Makochi yake yalikuwa na viraka, lakini madirisha yalifunguka, upepo ukaingia. Kaka akarukaruka sakafuni kama mtoto. Ikamjibu *ndi, ndi*. Kisha akaketi chini, akaibana sufuria kwa miguu yake mwenyewe.

"Mama Mbwana," akasema, "mimi nashika. Wewe songa."

Wifi akakamata mwiko. Machozi yalimlengalenga, akasingizia mvuke, na mvuke haukuwapo. Akasonga. Tukala kwa dagaa aliowatoa kikapuni, na Mahiza naye tukamkaribisha. Alikula kuliko sisi sote. Injini nayo kaka aliikagua baadaye, tumbo likiwa limejaa, akairidhia. Akapiga honi. Ililia kama mzee mwenye mafua, mbuzi hata hawakugeuka.

"Hapa ndipo kwetu," akasema wifi, huku analamba mwiko.

Tangu siku hiyo mambo ya pazia na mwiko yakazagaa pale stendi, yakawa methali, yakaingia sokoni, yakafika mpaka kwenu. Kaka na wifi walilinunua basi lile, na hawajambo. Mzigo wa juzi nililetewa mimi: migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika. Ujue wako Kigoma.

Sasa Zawena, huyo kijana wa miwani mlete Jumamosi. Gari aliache huko kwa mwenyewe. Sitamwuliza kazi wala ukoo. Nitamwambia akae chini aibane sufuria, wewe usonge, kisha mbadilishane, nami nitakuwa pembeni nimekalia kigoda, naangalia nani anazama.

Nyumba haipimwi kwa pazia, mjukuu wangu. Hupimwa kwa mwiko.