Kisima Kimoja cha Diwani Nyamizi

Sikilizeni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Walikuwepo watu watatu. Bi Kabula, mkunga, hakumsahau mtoto yeyote aliyempokea. Shija alisoma kila karatasi mpaka mstari wa mwisho. Maganga, mchungaji, aliweza kuhesabu mbuzi wakiwa mbioni asikose hata mmoja.

Basi Nyamizi, fundi baiskeli wa miaka ishirini na miwili, akatangaza kugombea udiwani. Mzee Lugendo, aliyekikalia kiti hicho miaka ishirini, akacheka. "Akazibe pancha!"

"Pancha nitaziba," Nyamizi akasema, "na fomu nitachukua."

Fomu ilitaka wadhamini kumi, na watu waliogopa kutia saini. Bi Kabula akapita nyumba kwa nyumba. "Wewe nilikupokea mimi, ukalia kijiji kizima kikaamka. Leo sauti imekwenda wapi?" Kufika jioni, saini kumi zilikuwa zimetimia.

Siku ya kurudisha fomu, karani alifunga dirisha saa nane. "Muda umekwisha." Shija akasimama mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani, akalisoma kwa sauti mara tatu, mpaka maneno ya kwenye muhuri. "Saa kumi, ndugu karani. Hatuondoki." Fomu ikapokelewa.

Kura zilipohesabiwa, wakala wa Nyamizi alikuwa Maganga. Msimamizi akasema Lugendo kashinda.

"Karatasi thelathini za Nyamizi zimelala kwenye fungu la Lugendo," Maganga akasema. "Nimeziona zikipita. Rudieni."

Akaambiwa atoke, akakaa chini sakafuni. Wakarudia kuhesabu. Nyamizi akashinda kwa kura kumi na moja.

Sasa sikieni kosa lake. Kila mmoja wa hao watatu, Nyamizi alikuwa amemwahidi kwa siri: "Nikishinda, kisima cha kwanza ni cha kitongoji chenu." Vitongoji vyao vyote vitatu hunywa maji ya bwawa pamoja na ng'ombe. Halmashauri ikatoa kisima kimoja tu.

Lugendo akaja kumshauri. "Ahirisha, mwanangu. Mimi niliahirisha miaka ishirini."

"Ndiyo maana umetoka, mzee. Kesho nitataja kitongoji, mbele yao wote watatu."

Msiniambie kichimbwe katikati. Katikati ni mwamba mtupu. Wala msiniambie wasubiri. Wamesubiri vya kutosha. Na ukimwondoa mmoja wao, hakuna diwani.

Kesho imefika. Nyamizi amesimama, watatu wanamtazama. Je, wewe ungetaja kitongoji cha nani? Na wale wawili ungewaambia nini, usoni?