Kwa Nini Tunabisha Hodi Hata Mlango Ukiwa Wazi

Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Naomba kimya. Wewe unayetafuna karanga, malizia kwanza, utanipotezea mstari. Hadithi hii nilisimuliwa na bibi yangu, nikaiandika mwenyewe, na leo naisoma mwenyewe. Kidole nitakitumia kwenye maneno marefu tu.

Zamani, katika kijiji cha Mbwerani, hodi haikuwepo. Kulikuwa na mtawala, Jumbe Kidari, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuingia nyumba yoyote saa yoyote. Alifunua vyungu vya watu, akaonja, akasema chumvi haitoshi, kisha akalala kwenye kitanda alichokikuta. Watu walivumilia mpaka wakachoka. Siku moja, akiwa usingizini, walimbeba na kitanda wakamvusha mto. Akaamkia ng'ambo, na hakurudi tena. Mwenye kitanda alilalamika kidogo.

Kijiji kikashangilia uhuru. Shida ni kwamba mtu huru pekee waliyewahi kumwona ni Jumbe. Basi kila mmoja akaanza kuwa Jumbe. Watu wakaingiliana majumbani, wakafunuliana vyungu, wakalaliana vitanda. Barazani wote walisema kwa pamoja, kwa kuwa wote walikuwa huru, na kisima walichokusudia kuchimba hakikujulikana kichimbwe wapi.

Aliyezidi ni Mzee Kitwana, ambaye siku ile ya mto alishika mguu wa mbele wa kitanda. Jirani yake, Bi Mwanamvua, alikuwa na binti aliyekaribia kujifungua mimba ya kwanza, na alitaka kumwombea binti huyo dua moja iliyokamilika. Ikawa haiwezekani. Kila akianza, mtu aliingia kuuliza upawa uko wapi. Asubuhi moja Mzee Kitwana alikaa mbele yake mkekani, akauliza kama yale maharage ni ya kula au ya mbegu. Bi Mwanamvua akamwambia kwamba anaongea na Mungu.

"Endelea tu, dada," akasema mzee. "Mimi sisikilizi."

Bi Mwanamvua hakugomba. Alingoja mpaka Mzee Kitwana alipoingia bafuni kwake, kile kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, akaingia naye, akakaa juu ya jiwe la kusugulia miguu. Nyuma yake likaja baraza zima, maana alikuwa amewaambia kuna kivuli kizuri cha kukalia. Wakaanza kubishana habari za kisima. Mzee alikuwa na sabuni mpaka masikioni, na kilichomsitiri ni ndoo. Akawaomba watoke.

"Kwani kaka, si tuko huru?" akauliza Bi Mwanamvua.

"Mko huru. Na mimi niko huru. Lakini uhuru wangu wote uliobaki ni haya makuti. Naomba mniachie."

Baraza likanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu Jumbe aondoke. Bi Mwanamvua akauliza sasa mtu akitaka kuingia afanyeje. Mzee, huku akitetemeka kwa baridi, akasema asimame nje, aseme hodi, angoje aambiwe karibu. Na asipojibiwa? Arudi kwao.

Wakatoka. Bi Mwanamvua akasimama nje akasema hodi, mara tatu. Kimya. Wakaondoka. Mzee Kitwana akaoga bila haraka, na inasemekana aliimba.

Jioni akaenda kwa jirani yake. Mlango ulikuwa wazi, na maharage yalinukia. Aliinua mguu, akaushusha. Akasema hodi. Alimwona Bi Mwanamvua mkekani, amempa mgongo. Akarudia, akarudia tena, akameza mate, akageuka. Alikuwa ameshafika uani aliposikia sauti.

"Karibu, kaka. Leo nimefika amina."

Wiki ile ile binti alijifungua mtoto wa kike. Mbwerani nzima ilisimama uani, ikangoja mpaka mama mzazi alipokuwa tayari kusema karibu.

Na tangu siku hiyo hatuingii kwa mtu bila hodi, hata mlango ukiwa wazi, hata tukimwona mwenyewe amekaa. Na barazani mtu akitaka kusema, huomba kwanza.

Basi mimi naondoka, nimeacha chungu jikoni. Kesho nitapita tena hapa, na nitabisha hodi. Mkinyamaza, nitaelewa.