Ngome Iliyopakwa Chokaa Siku za Vita

Hodi, hodi ngomeni!

— Lango li wazi, ingia na ngano!

Naingia na mzigo!

— Utue tuone kilichomo!

Haya, natua. Sogeeni karibu. Na huyo anayetafuna muhogo atafune polepole, maana sauti yangu haiwezi kushindana na meno.

Kabla sijaanza niungame moja. Ngano hii nilipewa na marehemu shangazi yangu, Mungu amrehemu, siku ambayo nilitakiwa niwe chuoni nasoma. Nilitoroka nikaja kusikiliza. Kwa hiyo juzuu zangu nazijua nusu, na ngano hii naijua nzima. Siku ya hukumu nitaulizwa. Mniombee.

Paliondokea ngome. Kabla babu wa babu yangu hajapata babu wa kumsimulia, paliondokea ngome ikiitwa Kirambazi. Imekaa juu ya mwamba, bahari iko chini yake. Kuta zake za mawe ya matumbawe, nene kweli kweli, mtu na mkewe waweza kulala juu yake na wakapata nafasi ya kununiana. Urefu wake shangazi alisema minazi mitatu. Mimi nasema miwili, nipunguze uongo.

Ngome ile ilikuwa na desturi yake. Anayeishika huitwa Jumbe, na kila Jumbe sharti aongeze kitu kimoja, ndipo jina lake litajwe. Wa kwanza, Mwana Rukiya, alijenga ukuta. Ukaitwa Ukuta wa Mwana Rukiya. Wa pili, Shee Matano, alijenga mnara. Ukaitwa Mnara wa Shee Matano. Wa tatu, Mwenye Kai, alijenga birika la kukingia mvua. Likaitwa Birika la Mwenye Kai.

Wa nne ndiye Bwanakombo.

Maskini Bwanakombo! Akatazama huku, kumejengwa. Akatazama kule, kumejengwa. Akatazama juu, mnara. Chakula kikawa hakipiti kooni. "Mimi niwe Jumbe asiye na kitu? Watu wapite hapa wasinitaje?" Akateremka mpaka kisimani. Kisima cha Kirambazi kilikuwa cha maji matamu tangu enzi. Akamwita mchimbaji.

"Chimba. Nataka kisima kirefu kuliko vyote vya pwani hii. Kiitwe Kisima cha Bwanakombo."

"Bwana Jumbe, chini hapa pana jiwe, na chini ya jiwe pana bahari. Tuliache."

"Chimba."

"Bwana Jumbe, jiwe linatoka jasho."

"Chimba!"

"Bwana Jumbe, jasho lenyewe nimelionja."

"Chimba, nimesema!"

Akachimba. Jiwe likapasuka, pa! Maji yakaja, mengi, yanabubujika. Bwanakombo akachota kwa kiganja, akanywa. Akatema.

Chumvi. Chumvi tupu, ya kukaushia papa.

Akafanyaje? Akafanya ambavyo mimi na wewe tungefanya. Akampa mchimbaji safari ya mbali. Mlango wa kisima akautia kufuli. Ufunguo akautia kifuani, akanyamaza. Watu wakawa wanakunywa maji ya birika, na mvua zikawa zinanyesha, na kila mvua iliponyesha Bwanakombo alisema Alhamdulillahi kwa sauti kubwa kuliko imamu.

Kikaja kiangazi. Na kiangazi kikaja na Mwinyi Madi.

Mwinyi Madi alikuwa mtawala wa Pongwa. Akaja na watu mia nne, wakaizunguka ngome pande zote, wakapiga vibanda. Yeye akaketi kitini mbele ya lango, akapaza sauti:

"Enyi watu wa Kirambazi! Mimi siparamii kuta, magoti yananiuma. Nitakaa hapa nisubiri kiu yenu. Siku mkitaka kunywa, nileteeni ufunguo wa lango, mtoke na nguo zilizo mwilini tu, na ngome iwe yangu."

Ndani ya ngome alikuwamo Bi Shawana, fundi wa chokaa. Mfupi, ulimi mrefu. Alimpakata Bwanakombo alipokuwa mchanga, kwa hiyo Ujumbe wake haukumtisha.

Siku ya kwanza akaja. "Kombo, birika linapungua. Tufungulie kisima."

"Kinasafishwa, Bi Shawana."

"Na nani? Mchimbaji si umempeleka safari?"

Jumbe akakohoa.

Siku ya pili akaja. "Kombo, birika li nusu. Tufungulie kisima."

"Kamba imekatika, Bi Shawana."

"Wanawake wa hapa wana nywele. Tutasuka nyingine."

Jumbe akakohoa.

Siku ya tatu akaja, na watu wote nyuma yake. "Kombo, birika limebaki tope. Tumebakiwa na mitungi mitatu. Tufungulie kisima."

"Kisimani... kisimani pameingia jini, Bi Shawana."

"Jini! Basi nifungulie nikamwamkie. Nimekaa na mume wangu miaka arobaini, jini atanitisha kwa lipi?"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, maana palikuwa na mtoto mdogo ameinama ndani ya birika, analamba jiwe.

Bwanakombo akamwona. Akamtazama sana. Akatoa ufunguo kifuani, akafungua kisima, akavuta ndoo, akaitua mbele yao.

"Onjeni."

Wakaonja. Wakatema.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka jina. Mchimbaji alinikataza mara tatu. Nikawanyima maji, kisha nikawanyima ukweli, na jini hakuna. Nipigeni, nifungeni, au nipelekeni kwa Mwinyi Madi. Nitakwenda na ufunguo wa lango mkononi."

Mmoja akasema, "Tumtupe kisimani, aone urefu wake!" Wengine wakasema, "Naam!"

Bi Shawana akachovya kidole ndani ya ndoo, akalamba, akafikiri. "Kombo, ungesema siku ya kwanza tungekuwa na siku tatu za kufikiri. Sasa tuna asubuhi hii tu. Haya maji yako ni mengi kiasi gani?"

"Hayaishi, Bi Shawana. Ni bahari."

"Hayaishi?" Bi Shawana akaanza kutabasamu. "Basi mwacheni kwanza, mtamtupa kesho. Nileteeni chokaa ya Idi."

Mnaijua chokaa nyie? Watoto wa siku hizi mnajua rangi za kopo. Zamani, ikikaribia Idi, kila nyumba hupakwa chokaa. Na chokaa iliyotoka tanurini inakunywa maji kuliko ng'ombe. Unaimwagia, inachemka, inatoa mvuke, inataka tena. Ukishaikoroga, ukuta nao unataka wake. Mtu mwenye mitungi mitatu ya maji hapaki hata kizingiti. Kupaka ngome nzima? Huyo ana maji ya kuchezea.

Watu wakamwambia, "Bi Shawana, chokaa ya maji chumvi haishiki! Itabambuka yote!"

"Hilo mnanifundisha mimi? Sitaki ishike mwaka. Nataka ishike mpaka Mwinyi Madi aondoke. Na nisikilizeni: mtu asiseme uongo. Mkiulizwa kama mna maji, semeni yapo. Si yapo?"

Ile mitungi mitatu wakaigawa kwa kikombe. Watoto kwanza, wagonjwa wa pili, wapakaji mwisho, funda moja moja. Bwanakombo fungu lake alimpa yule mtoto, mwenyewe akafyonza ndimu. Kisha akavua kanzu, akashika kamba ya kisima. Yeye ndiye mvuta maji.

Siku ya kwanza wakapaka ukuta wa kusini. Wananing'inia kwa kamba, makumbi ya nazi mkononi, wanaimba.

Paka, mama, paka!

Paka, Idi yaja!

Makoo yamekauka kama vifuu, lakini wanaimba.

Mwinyi Madi akauliza, "Wanafanya nini wale?"

"Wanapaka chokaa, Bwana."

"Na kiu?"

"Wanaimba, Bwana."

Siku ya pili wakapaka ukuta wa mashariki. Bi Shawana ameonya, "Tone lisianguke nje, mtu asije akaonja!" Haya, ndoo ikamponyoka mtu. Ndoo nzima! Ikamwangukia askari wa Mwinyi Madi aliyekuwa amejiegemeza ukutani, anasinzia. Akaamka mweupe kama yai. Kule juu roho zikasimama. Ataonja? Hakuonja. Macho yanamwasha kwa chokaa, ataonja vipi? Akakimbia mpaka kwa bwana wake.

"Bwana! Maji wanayamwaga! Wanamwagia watu!"

Mwinyi Madi akavuta ndevu.

Siku ya tatu wakapaka mnara. Na siku hiyo mawingu ya masika yakaanza kujikusanya mbali. Watu wa Mwinyi Madi walikuwa wakulima wote. Wakawa wanatazama mawingu, hawatazami ngome. "Bwana, mtama wangu haujapandwa." "Bwana, shamba langu bado magugu." "Bwana, mke wangu amesema nikichelewa safari hii nisirudi."

Mwinyi Madi akasema, "Ngojeni." Akamwita mwashi wake, Fundi Sadala. "Chukua kitambaa cheupe cha amani, nenda mpaka ukutani. Tazama, kisha uniambie."

Fundi Sadala akaenda. Akasimama mbele ya ukuta. Akapitisha kidole, akakitia mdomoni.

Juu yake, kwenye kamba, yuko Bi Shawana na kumbi lake. Wakatazamana. Ndani kule Bwanakombo ameacha kuvuta, ameshika kamba, anasoma kila dua anayoijua.

"Fundi," akasema Bi Shawana.

"Naam, fundi."

"Kazi ni mbichi."

Sadala akautazama ukuta. Akamtazama bibi. Midomo ya bibi imepasuka kwa kiu.

"Naiona," akasema. Akageuka, akaenda zake.

"Haya!" akasema Mwinyi Madi. "Maji wanayo?"

"Wanayo, Bwana. Nimeona ndoo zinapanda, nimesikia kisima kinabubujika."

"Na kazi yenyewe ikoje? Ni kazi kweli, au ya kutuchezea?"

"Bwana wangu, siku niliyopewa mwiko wa uashi niliapa mbele ya Mungu. Kazi ya fundi mwenzangu siisemi mpaka ikauke. Sisi waashi wote tumeapa hivyo. Ikikauka, niulize."

"Itakauka lini?"

"Ukuta mnene ule. Siku saba."

"Saba!" wakapiga kelele wale watu. "Bwana, mtama!"

Mwinyi Madi akautazama ukuta unavyong'aa. Akatazama mawingu. Akainuka kitini. "Wana maji ya kupaka, wana maji ya kumwaga, wana maji ya kuimbia. Mimi nasubiri nini hapa? Fungeni mizigo."

Hapa mtaniuliza: Sadala alisema uongo? Mimi kisomo changu kidogo. Najua tu kwamba siku moja mke wangu aliniuliza nilikokuwa, nikamwambia nilikuwa njia ya msikitini. Na njia nilipita kweli, nikielekea kwenye bao. La kwangu nalijua ni dhambi, nimelitubia. La Sadala namwachia Mungu.

Kulipopambazuka, mvua ikashuka. Mvua ile ya kupiga magoma! Watu wa Kirambazi wakasimama uani vinywa wazi, wanakunywa mbingu. Birika likajaa mpaka ukingoni. Na chokaa? Chokaa ikateremka. Ukuta wa kusini ukavuliwa, wa mashariki ukavuliwa, mnara ukavuliwa. Mto mweupe ukatoka ngomeni, ukashuka bondeni, ukakata njia ya Pongwa.

Mwinyi Madi yuko njiani, akaona miguu yake inapitiwa na maziwa. Akachovya kidole, akaonja.

"Sadala!"

"Naam, Bwana."

"Ulijua?"

"Bwana, uliniuliza kabla haijakauka."

"Na sasa?"

"Sasa naweza kusema. Katika umri wangu sijaona kazi mbovu kama ile."

Mwinyi Madi akageuka awaamuru watu wake warudi. Akakuta katika mia nne wamebaki kumi na wawili, na wote wameshika majembe.

Kule ngomeni Bwanakombo akaleta funguo zote mbili, akaziweka chini mbele ya watu. Wakanong'onezana. Wakamwambia, "Wa lango shika. Wa kisima mpe Bi Shawana." Akampa. Mchimbaji akarudishwa kutoka safarini, akaombwa radhi hadharani, akauziba ule ufa.

Ilipokaribia Idi, Bi Shawana akaipaka ngome upya, kwa maji matamu ya birika. Ikawa nyeupe pepepe. Bwanakombo akaizunguka akiitazama, akafika langoni, akaona kipande cha ukuta, kimo cha mtu, hakikupakwa. Jiwe liko wazi, linatoka chumvi.

"Bi Shawana, hapa umesahau."

"Sikusahau, Kombo. Si ulitaka kitu kiitwe kwa jina lako? Ndicho hicho. Kipande cha Bwanakombo."

Bwanakombo akakisogelea. Kisha akainama, akakilamba. Akasimama, akasema kosa lake tena, lote, mbele ya waliokuwapo na waliokuja kwa Idi.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila ajaye kuishika Kirambazi, kabla hajapewa ufunguo, hulamba Kipande cha Bwanakombo, kisha hutaja kosa lake moja kwa sauti. Wako waliolamba, wakafikiri, wakasema hawakumbuki kosa.

Hao hawakupewa ufunguo.

Nami nimelamba. Langu la chuoni nimelisema, na la bao nimelisema. Ufunguo huo, nani anaupokea?

— Aliye tayari kulamba!

Basi lango nalifunga!

— Lifunge, chumvi imebaki kwetu!